Jina Pekee: Tina Turner na Wimbo wa Kuondoka Usiotaja Kuondoka

Utangulizi

Muziki wa Marekani wa miongo ya mwisho ya karne ya ishirini una nyimbo kadhaa zinazomhusu mwanamke anayeteswa nyumbani, na zile zinazotajwa mara kwa mara na wahakiki hulikabili jambo lenyewe bila kificho. "Behind the Wall" wake Tracy Chapman (1988) husimuliwa na jirani anayesikia makelele ya usiku kupitia ukutani. "Independence Day", uliotungwa na Gretchen Peters na kuimbwa na Martina McBride (1994) katika mkondo wa muziki wa kantri, huishia katika moto unaoteketeza nyumba. Msikilizaji wa nyimbo hizi hahitaji kuambiwa lolote kuhusu mwimbaji ili aelewe kinachozungumzwa.

Hali si hiyo katika "What's Love Got to Do with It" wake Tina Turner (1984). Wimbo huu hauna mume, hauna kofi, hauna mlango unaofunguliwa usiku wala safari. Nafsineni ndani yake ni mtu mzima anayemweleza mwenzake kwamba msisimko anaoupata anapoguswa ni wa mwili tu, na kwamba mapenzi hayafai kuhusishwa na shughuli hiyo kwani moyo ukishatolewa huweza kuvunjwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka arobaini wimbo huu umesikilizwa kama tamko la mwanamke aliyemtoka mume mkatili, na mwaka 1993 anwani yake ilifanywa kuwa anwani ya filamu inayohusu ndoa hiyo. Swali linaloshughulikiwa hapa ni la kihistoria kabla ya kuwa la kifani: maana hiyo iliingia lini katika wimbo usioitaja, na iliingizwa na nani? Jibu rahisi, kwamba mwimbaji aliimba maisha yake, haliwezi kukubalika, kwa sababu maneno hayakuwa yake na wimbo wenyewe hakuupenda.

Jina na mwenye jina

Tina Turner hakuzaliwa Tina wala Turner. Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1939 mjini Brownsville, jimbo la Tennessee, akaitwa Anna Mae Bullock, na akalelewa Nutbush, kijiji cha wakulima wa pamba. Alipofikia umri wa usichana alihamia St. Louis kwa mama yake, na huko ndiko alikokutana na Ike Turner, kiongozi wa bendi ya Kings of Rhythm.

Ike alikuwa tayari na historia yake, na historia hiyo ilihusu jina. Mwaka 1951 bendi yake ilirekodi "Rocket 88", wimbo ambao wanahistoria wengi huuweka miongoni mwa nyimbo za mwanzo kabisa za rokenroli. Santuri ilipotoka haikuwa na jina la Ike. Ilikuwa na jina la mwimbaji, Jackie Brenston, ambaye baada ya kupata sifa alijitenga na bendi. Tajiriba hiyo haihalalishi yaliyofuata, lakini ni muhali kuyaelewa bila kuikumbuka: huyu alikuwa mtu aliyeamini kwamba waimbaji humwibia jina na kwenda zao.

Mwaka 1960 mwimbaji aliyekusudiwa kurekodi "A Fool in Love" hakutokea studio, na Anna Mae akaingia mahali pake. Juggy Murray wa kampuni ya Sue Records mjini New York aliipenda sauti hiyo, na Ike akaona haja ya kumpa msichana jina la jukwaani. Alichagua "Tina" kwa kufuatisha mlio wa Sheena, shujaa wa kike wa msituni katika vitabu vya vibonzo, akaongeza ukoo wake mwenyewe, kisha akalisajili jina lote kuwa mali yake. Kwa hatua hiyo, mwimbaji angeondoka, mwingine angetiwa ndani ya jina hilohilo kama mtu anavyotiwa ndani ya vazi. Mwenye kuitwa hakuulizwa. Kwa mujibu wa tawasifu yake, kipigo cha kwanza kilitokea wakati huohuo, aliposita kuendelea na mpango huo.

Inafaa kuutazama wimbo wenyewe. "A Fool in Love" ni maneno ya mwanamke aliyezama katika mapenzi ya mwanamume asiyemtendea haki. Rafiki zake wanaliona hilo, yeye mwenyewe analiona, lakini hawezi kubanduka. Maneno hayo yalitungwa na Ike Turner. Mtunzi wa sauti ya mvumilivu alikuwa ndiye yuleyule aliyekuwa akivumiliwa. Katika uhakiki wa ushairi tumezoea kuonya kwamba nafsineni si mtunzi, na onyo hilo ni la haki. Hapa, lakini, mambo yanazidi kuwa magumu: mtunzi amejitungia nafsineni anayemhitaji, akaiweka katika kinywa cha mwanamke aliyekuja kuwa mke wake, na hadhira ikaamini kwamba mwanamke huyo anasema ya moyoni. Wimbo ulipendwa sana, hasa miongoni mwa wanunuzi weusi wa santuri.

Mazingira ya muziki wa wakati huo hayakumpa mwimbaji msamiati mwingine. Mwaka 1962, mwaka ambao Ike na Tina walifunga ndoa Tijuana, nchini Mexico, kikundi cha The Crystals kilitoa wimbo uliotungwa na Gerry Goffin na Carole King na kutayarishwa na Phil Spector, ambamo msichana anapokea pigo la mpenzi wake kama ithibati ya mahaba. Watunzi walikuwa wameelezwa jambo hilo na msichana aliyekuwa akiwalelea mtoto, mwimbaji Little Eva, naye alilieleza kwa imani kamili. Wimbo ulilalamikiwa ukaondolewa, kwa hiyo isisemwe kwamba enzi nzima iliafiki. Lakini yapo yanayostahili kuzingatiwa: wimbo uliweza kutungwa, ukapangiwa ala, ukarekodiwa na kutolewa, kabla ya yeyote kuuzuia.

Spector huyohuyo ndiye aliyemrekodi Tina mwaka 1966 katika "River Deep – Mountain High", Ike akiwa amewekwa nje ya studio ingawa jina lake lilibaki juu ya santuri. Wimbo ulifika nafasi ya 3 Uingereza na kuishia nafasi ya 88 Marekani. Tofauti hiyo ilikuwa na maana baadaye, kwani Uingereza ndiko alikorudi kutafuta sauti yake. Spector, kwa upande wake, alipatikana na hatia mwaka 2009 ya kumwua mwigizaji Lana Clarkson, na akafa kifungoni mwaka 2021.

Kisha ukaja "Proud Mary" (1971), utunzi wa John Fogerty, uliofika nafasi ya 4 na kuwapatia Ike na Tina tuzo ya Grammy. Jambo moja kuhusu wimbo huu halijasemwa vya kutosha. Nafsineni wake huanza kwa kutangaza kwamba ameacha kazi mjini na hasikitikii hatua hiyo. Kwa miaka mitano, usiku baada ya usiku, mwanamke aliyeshindwa kuondoka aliimba wimbo wa mtu aliyeondoka, mbele ya mwanamume ambaye hakutaka aondoke, naye mwanamume huyo akimpigia gitaa.

Dallas, Julai 1976

Tukio lenyewe linajulikana na halihitaji kurefushwa. Siku ya kwanza ya Julai 1976 Ike na Tina waliruka kutoka Los Angeles hadi Dallas kwa ajili ya onyesho. Ndani ya gari lililowatoa uwanja wa ndege Ike alimpiga, na kwa mara ya kwanza Tina alirudisha mapigo. Walipofika hotelini, Ike akalala. Tina akatoka, akavuka barabara kuu yenye magari ya kasi, akaingia hoteli nyingine akiwa na uso uliovimba, senti 36 na kadi ya kununulia petroli. Meneja wa hoteli hiyo alimpa chumba.

Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mwaka huo wa 1976 hata lugha ya umma ya kulizungumzia jambo hilo ilikuwa changa. Nyumba ya Women's Advocates mjini St. Paul, Minnesota, mojawapo ya makimbilio ya mwanzo ya wake waliopigwa nchini Marekani, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1974 tu. Kitabu cha Del Martin, "Battered Wives", kilichosaidia kulipa tatizo hilo jina katika mijadala ya taifa, kilichapishwa mwaka huohuo wa 1976. Sheria ya serikali kuu kuhusu ukatili dhidi ya wanawake haikupitishwa hadi mwaka 1994. Mwanamke aliyevuka barabara ile Dallas hakuwa na wimbo wa kuimba juu yake, wala hakuwa na neno la kulitaja ambalo wasikilizaji wake wote wangelielewa kwa namna moja.

Alikwenda mahakamani kabla ya mwezi kwisha, na talaka ilikamilika mwaka 1978. Katika shauri hilo aliacha fedha, mirabaha ya nyimbo na mali nyingine kwa kiasi ambacho wakili yeyote angekipinga. Akayabeba pia madeni yaliyotokana na maonyesho yaliyovunjika. Zaidi ya magari mawili, alichosisitiza kupewa ni jina. Haki ya kuitwa Tina Turner ilitoka kwa aliyelisajili ikawa yake.

Uamuzi huu ndio kitovu cha historia ya wimbo unaochunguzwa, na kwa hakika unastahili uzito kuliko usiku wa Dallas wenyewe. Angeweza kurudi kuwa Anna Mae Bullock, jina safi lisilo na alama ya kidole cha mtu. Hakufanya hivyo. Alilichukua vazi alilovishwa kwa nguvu, akaamua kwamba ndilo atakalolivaa, kwa kuwa miaka kumi na sita ya kazi ilikuwa imeshonwa ndani yake. Mhakiki anayetafuta ishara za ukombozi aghalabu hupenda mhusika avue jina la bwana wake. Hapa mhusika analidai jina hilo mahakamani, na kulilipia.

Wimbo waja kwa mwimbaji

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuimba katika kumbi za hoteli na vipindi vya televisheni ili kulipa madeni. Mwishoni mwa 1981 Tina alilisimulia gazeti la People habari za ndoa yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza umma mpana ulipozipata habari hizo kutoka kinywani mwake. Azma yake, alivyoeleza mara nyingi baadaye, ilikuwa kuulizwa mara moja na kumaliza. Tarehe hii lazima ishikwe: wasikilizaji walikuwa na hadithi mkononi miaka mitatu kabla ya kuwa na wimbo.

Wimbo ulitungwa na Terry Britten na Graham Lyle, wanaume wawili waliofanya kazi Uingereza, wala haukutungwa kwa ajili yake. Ulipelekwa kwa Cliff Richard, ukapita mikononi mwa wengine, na kikundi cha Bucks Fizz kiliurekodi ingawa rekodi hiyo haikutoka wakati huo. Ulipomfikia Tina kupitia kwa meneja wake, Roger Davies, haukumvutia. Aliuona mwepesi mno kwa mtu anayetaka kuimba roki. Britten aliurekebisha ufuate sauti yake, nao ukarekodiwa London. Mwezi Septemba 1984 ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard kwa majuma matatu, mwimbaji akiwa na umri wa miaka 44, na Februari iliyofuata ukatwaa tuzo za Grammy, ikiwamo ya rekodi bora ya mwaka na ya wimbo bora wa mwaka.

Wanaume wawili, basi, waliyaandika maneno haya, kama vile mwanamume mmoja alivyoyaandika maneno ya "A Fool in Love". Anayetaka kueleza tofauti ya nyimbo hizi mbili kwa kutazama jinsia ya mtunzi hatafika mbali. Tofauti iko katika nani alikuwa na uwezo wa kuukataa wimbo. Mwaka 1960 Anna Mae hakuwa na uwezo huo. Mwaka 1984 Tina aliukataa kwanza, kisha akaukubali kwa masharti ya sauti yake. Kukubali kwa mtu anayeweza kukataa ni tendo la utunzi, hata kama halimletei mirabaha ya mtunzi.

Sauti yenyewe inafanya nini? Wimbo uko katika mwendo wa polepole, umepambwa kwa vinanda laini vya miaka ya themanini, na Tina, ambaye umaarufu wake ulitokana na kupaaza sauti, anaimba beti kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo, karibu kama anayezungumza. Nguvu anaiweka akiba hadi kiitikio. Katika kinywa cha kijana wa miaka ishirini maneno yaleyale yangekuwa mzaha wa anayejifanya hajali. Katika sauti iliyochakaa, swali kwamba mapenzi yahusikeje halisikiki kama mzaha. Filamu fupi ya wimbo iliongeza jambo moja tu: mwanamke mwenye jaketi la jinzi na sketi fupi ya ngozi anatembea katika mitaa ya New York. Anatembea peke yake, na hakuna anayemfuata.

Wasikilizaji na kutuza

Msomaji anayeijua taarabu ya pwani atakuwa na wepesi wa kuelewa kilichotokea baadaye. Katika onyesho la taarabu mtunzi hutunga kwa mafumbo, na mwimbaji huimba bila kumtaja mtu. Ubeti unapomgusa msikilizaji, huyo huinuka, akaenda jukwaani kwa mwendo wa madaha, noti mkononi, akamtuza mwimbaji penye ubeti uleule anaoutaka uhesabike kuwa wake, na pengine akamtupia jicho anayemkusudia. Tangu hapo ubeti una mwenyewe. Mtunzi huenda hakujua lolote kuhusu ugomvi huo, na hilo halibatilishi maana iliyozaliwa ukumbini.

"What's Love Got to Do with It" ulipata maana yake kwa njia iliyo jamaa ya hiyo. Wasikilizaji waliosoma habari za 1981, na wale waliozipata kwa kusimuliwa, waliuchukua wimbo wenye fumbo pana wakaukabidhi kwa mwimbaji, kisha wengi wakajikabidhi wenyewe. Lakini mfanano una mpaka. Katika taarabu anayetuza huchagua mwenyewe kuinuka, ilhali katika suala hili hadhira ilimwinulia mtu mwingine noti, ikamwambia kwamba ubeti ni wake. Tina hakuwa amesema kwamba wimbo huo unamhusu Ike.

Hadithi isiyomwacha mwenyewe

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo uhakiki wa kitawasifu hulifunika. Mwaka 1986 ilitoka tawasifu "I, Tina", iliyoandikwa pamoja na Kurt Loder, kwa nia ileile ya kusema yote na kupumzika. Kitabu kilizaa filamu ya 1993 iliyoongozwa na Brian Gibson, ambamo Angela Bassett na Laurence Fishburne waliigiza kwa ustadi uliowafikisha wote wawili katika uteuzi wa tuzo za Oscar. Filamu ilipotoka Tina aliulizwa kuihusu, akasema hakuwa ameitazama.

Kuna jambo la kustaajabisha kuhusu filamu hiyo. Kwa ajili yake Tina alirekodi wimbo mpya, "I Don't Wanna Fight", uliotungwa na Lulu, Billy Lawrie na Steve DuBerry. Huo ni wimbo wa kuondoka kwa maana kamili: nafsineni amechoka kugombana, hatafuti kujua nani mwenye kosa, na anaona wakati umefika wa kuachana. Ulifika nafasi ya 9 Marekani. Waliotengeneza filamu walikuwa nao mkononi, wimbo unaosema waziwazi kile filamu inachosimulia, lakini anwani wakaichukua kutoka kwa ule usiosema. Biashara ilichangia, bila shaka, kwani wimbo wa 1984 ulikuwa maarufu zaidi. Hata hivyo uteuzi huo unaonyesha kwamba kufikia 1993 maana iliyopachikwa ilikuwa imekwisha kuwa na nguvu kuliko maana iliyoandikwa.

Ike Turner alijibu mwaka 1999 kwa tawasifu yake, na anwani aliyoichagua ni ushahidi usiohitaji fasiri ndefu: "Takin' Back My Name", yaani kulirudisha jina langu. Ndani yake anakiri kwamba alimzaba Tina makofi na kwamba zilikuwako nyakati alipomwangusha kwa ngumi, lakini anakataa kwamba alimpiga. Mtu anaweza kulicheka hilo na kupita. Mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama. Kwa Ike, tendo moja moja lilikubalika kusimuliwa. Neno linaloyakusanya matendo hayo na kuyapa jina ndilo lililokataliwa. Mvutano kati yake na Tina tangu 1960 ulikuwa juu ya nani ana haki ya kutoa majina, na mwaka 1999 ulikuwa bado unaendelea katika kurasa za kitabu. Ike alifariki mwaka 2007.

Katika filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Daniel Lindsay na T. J. Martin, iliyotoka mwaka 2021 kwa anwani "Tina", mwimbaji aliyekuwa ameishi Uswisi kwa miaka mingi anaonekana akizungumzia uchovu wa kurudishwa kwenye miaka ile. Alikuwa ameondoka katika ndoa kwa usiku mmoja. Katika hadithi ya ndoa hakuruhusiwa kuondoka kwa miaka arobaini, na waliomzuia walikuwa watu waliompenda. Kila mhakiki anayeuandika wimbo huu, na makala haya hayajitoi, humrudisha Dallas mara nyingine. Hakuna njia safi ya kulikwepa hilo. Ukiiondoa historia, wimbo hubaki utunzi mzuri wa kibiashara usioeleza kwa nini wanawake wengi waliushika. Ukiiacha ndani, kazi ya mwimbaji, yaani uamuzi wa kushusha sauti katika beti na kuiachilia penye kiitikio, hugeuka kuwa kilio tu, kana kwamba maumivu yanajiimba yenyewe bila fundi.

Tina mwenyewe alikuwa na namna yake ya kushughulika na wimbo huu jukwaani. Alidumu nao hadi ziara yake ya mwisho, iliyokoma Sheffield mwezi Mei 2009, miaka kumi na minne kabla ya kifo chake kilichotokea Küsnacht tarehe 24 Mei 2023. Beti aliziimba. Kiitikio, mara nyingi, aliuelekeza mkono kwa umati, akanyamaza, akawaacha wao wakiimbe.